Mpira Mmoja, Malipo Matatu

Usiku wa tarehe 7 Februari 2024, Kongo yetu ilipokutana na Kodivaa mjini Abidjan katika nusu fainali ya Kombe la Afrika, tulikuwa watu kumi na mmoja sebuleni, na televisheni ilikuwa kimya. Malipo ya mwezi tulikwisha yatoa. Kumbe yalikuwa ya fungu dogo, nalo halikuwa na chaneli ya mchezo ule. Antena ya zamani juu ya bati ilileta chengachenga tupu. Basi tukanunua megabaiti, tukaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, watoto wakasongamana mbele yake.

Katika dakika ya 65 tukasikia kilio nyumba ya pili. Kwetu mpira ulikuwa ungali katikati ya uwanja! Tukajua tumefungwa kabla hatujafungwa. Babu akauliza, “Mnalipa fedha ili mpate habari zilizopita?”

Sababu yake ni hii. Picha ya intaneti hukatwa vipande vidogo, na simu hungoja vipande kadhaa vikusanyike ndipo ionyeshe. Kwa hiyo huchelewa nyuma ya ile ya setilaiti. Wenye mashindano nao huuza ruhusa ya kuonyesha kwa mafungu: kombe hili kwa huyu, ligi ile kwa yule, Kifaransa mbali, Kiingereza mbali. Ruhusa ya Kombe la Dunia la mwaka 2022 kwa Kifaransa katika nchi nyingi za Afrika ilinunuliwa na New World TV ya Lomé, Togo, jina ambalo wengi mtaani kwetu hawakuwa wamelisikia. Nasi tuliokulia hapa tunakumbuka kwamba Mazembe ilianzishwa na mapadre Wabenedikto mwaka 1939, mji ulipoitwa Elisabethville. Aliyetaka kuitazama alikwenda kwa miguu yake.

Mama wa watoto akahesabu: fungu kubwa la dekoda, megabaiti, na programu nyingine ya simu kwa ajili ya ligi za Ulaya. Minervali ya kijana wetu wa sekondari ilikuwa haijatimia. Akalifunga daftari, wala hatukubishana naye.

Jumamosi tarehe 10, Kongo ilipokutana na Afrika Kusini kutafuta nafasi ya tatu, tulibeba viti vyetu, na karanga za kukaanga, hadi kwa jirani yule aliyelia kwanza. Penalti zilipokwisha, 6 kwa 5, tukiwa tumeshindwa, tulilia sote kwa wakati mmoja.