Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mtu akifa huku Kahe, hata wakati wa masika njia zikiwa tope tupu, watu hufika. Kuni huletwa, maji huchotwa, mchango huandikwa daftarini. Ni desturi njema, wala siipingi. Lakini nauliza: marehemu alipokuwa amelala kitandani miezi sita, watoto wake wako kazini Moshi mjini au katika mashamba ya miwa ya Arusha Chini, ni nani kati yetu aliyepita kumjulia hali?

Kazi hii si ngeni katika Kanisa. Mwaka 1833 mjini Paris, nchi ya Ufaransa, wanafunzi wachache Wakatoliki wa chuo kikuu waliulizwa na wapinzani wao matendo ya imani yao yako wapi. Mmoja wao, Frédéric Ozanam, alikuwa na umri wa miaka 20 tu. Yeye na wenzake hawakushindana kwa maneno. Walisaidiwa na Sista Rosalie Rendu, aliyewafahamu vema maskini wa mtaa wake, akawafundisha namna ya kuwaendea. Hivyo kikaanza Chama cha Mtakatifu Visenti wa Paulo, ambacho leo kimeenea duniani. Ozanam alitangazwa Mwenye Heri mwaka 1997, na Sista Rosalie mwaka 2003.

Angalieni: vijana wale waliwafuata maskini nyumbani kwao. Kwa nini? Kwa sababu mtu akija ofisini kwa parokia husema shida moja tu, ile asiyoweza kuificha. Nyumbani utajionea mwenyewe: mtungi mkavu, paa linalovuja, chandarua kilichotoboka, mjukuu asiyekwenda shule kwa kuwa ndiye anayempikia bibi.

Nasi jumuiya ndogo ndogo tunazo. Basi nendeni wawili wawili. Pigeni hodi, mngoje mkaribishwe. Maskini naye ana mlango wake. Ketini, msisimame kama wakaguzi. Chukueni mlicho nacho, kibaba cha mchele au kipande cha sabuni. Kama hamna kitu, mchoteeni maji na kumfagilia ua. Mliyoyaona ndani yaacheni humo humo. Akiyasikia kisimani, hatawafungulia tena. Akitaka Sakramenti, mwambieni padre upesi. Akihitaji dawa, mpelekeni zahanati. Tena msimruke jirani wa dini nyingine, maana njaa haiulizi cheti cha ubatizo. Kabla ya kuaga, mwambieni siku mtakayorudi, na siku hiyo mrudi kweli.

Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo sura ya 25, hakusema atatuuliza tulichanga kiasi gani msibani. Atatuuliza kama tulimtazama alipokuwa mgonjwa. Basi jioni hii, mkiisha kusali, baba na mama, ulizaneni mbele ya watoto: kijijini kwetu, ni mlango gani ambao haujapigwa hodi mwezi huu? Kesho mwendeni.