Treni Mbili Katika Reli Moja

Wanafunzi wenzangu, na ninyi kaka zetu mliokwisha kumaliza shule hii, yamkini wengi wenu mliiona ile reli ndogo ya mfano katika chumba cha sayansi Siku ya Wazazi. Waliokuwa karibu na meza waliiona na ajali, wakacheka sana. Mimi ndimi niliyefunga nyaya zile, kwa hiyo nimeombwa nieleze jinsi treni ziwezavyo kujiendesha pasipo kugongana, na kwa nini siku ile ziligongana.

Kwanza lazima mjue kwamba treni zetu za mfano hazina betri ndani yake. Umeme wa volti 12 hupita katika vyuma viwili vya reli, hupanda kwa magurudumu, hata ukafika kwenye mota. Ukiweka injini mbili juu ya reli hiyo, zote hupata umeme ule ule na kuondoka pamoja. Lakini hapana injini mbili zilizo sawa kabisa. Moja huwa na mbio kidogo kuliko mwenziwe, na baada ya mizunguko michache huifikia na kuigonga kwa nyuma. Kumweka mtu ashike swichi si dawa. Nilijaribu mwenyewe: baada ya robo saa macho huchoka, mtu akaanza kuzungumza na rafiki zake.

Dawa ni ile waliyoitumia wenye reli kubwa tangu karne ya 19, yaani kuigawa njia vipande vipande na kuweka sheria moja tu: kipande kimoja kisiwe na treni mbili wakati wo wote. Sisi tulikata vyuma kwa msumeno mwembamba, tukaacha mwanya kama unene wa ukucha ili umeme wa kipande kimoja usivuke kwenda kingine. Mwishoni mwa kila kipande tulitenga futi moja ya reli inayopata umeme kwa njia ya rilei. Kipande cha mbele kikiwa kitupu, rilei hutoa umeme na treni hupita. Kikiwa na treni, rilei hukata umeme, na treni husimama pale ikingoja.

Je, vipande vingapi? Tulianza na vitatu kwa treni tatu, tukaona tumefanya hesabu nzuri. Kila treni ilikwenda mpaka mwisho wa kipande chake, ikakuta mbele pana mwenziwe, ikasimama. Zikangojana kama watu watatu wenye adabu mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenziwe atangulie. Hapakuwa na waya uliokatika. Kosa lilikuwa letu. Katika njia ya mviringo hapana budi vipande vizidi idadi ya treni, angalau kwa kimoja. Tukaondoa treni moja, na mbili zilizobaki zikazunguka vizuri siku nne.

Sasa nije kwenye ajali. Chombo chetu kilijuaje kwamba kipande kina treni? Kilipima umeme. Mota ikila umeme, chombo husema, "Kuna treni." Umeme usipoliwa husema, "Ni kitupu." Siku ya Wazazi kiungo cha behewa la mwisho kilifunguka, behewa likaachwa njiani. Behewa halina mota wala taa, halili umeme hata kidogo. Injini ilipokwisha kuingia kipande cha mbele, chombo kikatangaza kwamba kipande cha nyuma ni kitupu, kikairuhusu treni ya pili. Ikaja kwa mbio zake zote. Behewa lilianguka sakafuni likavunjika. Watu walicheka, lakini mimi sikuweza, kwa kuwa nilifikiri juu ya behewa la kweli lenye abiria.

Baadaye nilisoma kwamba Mmarekani mmoja, William Robinson, alikutana na tatizo hilo hilo. Mwaka 1870 alionyesha mfano wa reli huko New York. Treni ikiingia kipande iliminya kifaa, ishara ikaonyesha hatari. Ikitoka iliminya kingine, ishara ikafunguka. Akatambua kwamba treni ikikatika katikati, nusu ya mbele itaifungua njia na nusu ya nyuma ingali imo. Ndipo alipogeuza mambo. Mwaka 1872 alipewa hati ya uvumbuzi wa mtindo ambao betri iko upande mmoja wa kipande na rilei upande wa pili, na umeme hupita relini daima. Ekseli ye yote ya behewa lo lote huunganisha vyuma viwili, rilei ikakosa umeme, ishara ikaonyesha hatari. Hata waya ukikatika ni hatari pia. Ukimya wa chombo chetu ulikuwa na maana ya usalama. Ukimya wa chombo chake una maana ya kusimama.

Hatukuweza kumwiga Robinson moja kwa moja, maana magurudumu ya mifano yetu yamezuiwa upande mmoja yasiunganishe vyuma. Tulichukua fikira kwa walinzi wa ishara wa Uingereza, ambao walitazama taa ya nyuma ya treni kabla ya kusema kwamba njia ni wazi. Tumebandika sumaku chini ya behewa la mwisho, na mwanzoni mwa kila kipande tumeficha swichi ndogo ya kioo inayojifunga sumaku ipitapo. Treni ikiingia kipande, njia nyuma yake hufungwa, wala haifunguki mpaka sumaku yake ipite swichi ya kipande kinachofuata.

Wengine wameniuliza kwa nini tusinunue mitambo ya DCC iliyoenea tangu miaka ya 1990, ambayo kila injini ina namba yake na husikiliza amri zake tu. Ni mizuri, nami naitamani. Lakini injini iliyoamriwa kwenda itakwenda hata mbele pakiwa na behewa. Vipande vingehitajika vile vile.

Juma lililopita treni zote mbili zilisimama kipindi kizima. Sumaku moja ilikuwa imebanduka, tukaikuta chini ya meza.