Bukavu: Makanisa ni mengi, lakini kilio ni kimoja

Jumapili asubuhi mjini Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hakuna anayehitaji saa ili kujua kwamba muda wa ibada umefika. Kengele ya Wakatoliki inalia upande mmoja, ngoma na gitaa za Wapentekoste zinasikika kutoka mlima wa pili, na spika za makanisa ya uamsho zinapaza sauti katikati ya nyumba za mbao na bati. Barabara za Ibanda, Kadutu na Bagira zinajaa watu waliovaa vizuri, kila mmoja akielekea upande wake.

Mara nyingi watu hao wametoka katika nyumba moja. Baba anashuka kwenye misa, mama anapanda kwa Wapentekoste, na kijana wao anaenda kwenye chumba cha maombi kilichofunguliwa juzi tu karibu na soko. Mchana wote wanakutana mezani kwa bugali na sambaza.

Hali hiyo inaonekana ya kawaida kwa mkaaji wa Bukavu. Hata hivyo, ina historia ndefu, ina faida zake na ina mivutano yake. Na katika mji ambao umepitia vita mara nyingi, swali linalobaki ni hili: je, makanisa mengi namna hii yanaweza kusema kwa sauti moja raia wanapokuwa hatarini?

Wazungu wa kanzu nyeupe na wamisionari kutoka Skandinavia

Kanisa Katoliki lililetwa katika eneo hili na Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama Mapadri Weupe. Mwaka 1929 Roma iliunda vikarieti ya Kivu, na tarehe 10 Novemba 1959, miezi michache kabla ya uhuru wa Kongo, Bukavu ikawa jimbo kuu. Kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix, yaani Bibi Yetu wa Amani, limebaki moja ya majengo yanayojulikana zaidi mjini.

Lakini Ukatoliki wa Bukavu hauishi kwenye kanisa kuu peke yake. Unaishi katika mashirika, zile jumuiya ndogo za majirani wanaosali pamoja nyumbani kwa zamu, wanaotembelea wagonjwa na kuchangia wafiwa. Na katika misa yenyewe ngoma zilikwisha kuingia zamani. Mwaka 1988 Vatikani iliidhinisha utaratibu wa misa kwa ajili ya majimbo ya Zaire, ambao unaruhusu kucheza kuzunguka altare na kuwaita mababu waliokufa katika uadilifu wajiunge na sala.

Wapentekoste walipitia njia nyingine. Wamisionari wa Uswidi walifika katika eneo hili mwaka 1921, na Wanorwe pia walifungua misheni zao milimani. Kazi ya Waswidi ndiyo iliyozaa jumuiya inayoitwa leo 8e CEPAC, na ya Wanorwe ikazaa 5e CELPA. Jumuiya zote mbili zina makao makuu Bukavu, na zimeenea mbali kupita mipaka ya Kivu Kusini.

Ndani ya kanisa la Kipentekoste, kwaya ndiyo moyo wa ibada. Kanisa moja linaweza kuwa na kwaya ya watoto, ya vijana, ya akina mama na ya wazee, na kila moja inasubiri zamu yake kabla ya mahubiri. Mgeni aliyezoea misa ya saa moja na nusu anaweza kushangaa kuona saa tatu zimepita na mhubiri bado anafungua Biblia.

Namba kwenye vibao zinatoka wapi?

Anayetembea mjini huona vibao vyenye namba: ya 3, ya 5, ya 8 na nyinginezo zinazofuata. Wengi wanazisoma kila siku bila kujua kwamba zinatokana na sheria ya enzi ya Mobutu.

Mwaka 1970 makanisa ya Kiprotestanti ya Kongo yaliungana chini ya mwavuli mmoja, Kanisa la Kristo katika Kongo, kwa kifupi ECC. Tarehe 31 Desemba 1971 serikali ilitoa sheria ya kupanga upya madhehebu. Katika upande wa Wakristo, yalitambuliwa makanisa matatu tu: Kanisa Katoliki, Kanisa la Kristo katika Zaire, kama lilivyoitwa wakati huo, na Kanisa la Kimbangu. Waprotestanti waliotaka kuendelea na kazi yao kihalali walilazimika kuwa jumuiya ndani ya mwavuli huo, na kila jumuiya ikapewa namba.

Ndiyo sababu Mbatisti, Mwanglikana, Mmetodisti na Mpentekoste, ambao hawakubaliani kuhusu ubatizo, maaskofu wala kunena kwa lugha, wanajikuta katika nyumba moja kisheria. Serikali ilitafuta njia ya kuwadhibiti. Kwa upande wao, Waprotestanti walipata pia mahali pa kuzungumza kati yao, na mahali hapo pangali pana faida hadi leo.

Waanglikana, kwa mfano, wana dayosisi yao ya Bukavu tangu mwaka 1976. Wanasali kwa kitabu na kwa utaratibu unaofanana kwa sehemu na wa Wakatoliki, huku wakiwa katika mwavuli mmoja na Wapentekoste wanaosali bila kitabu chochote zaidi ya Biblia na nyimbo.

Kimbangu, Sabato na makanisa ya uamsho

Wakimbangu wanatambulika mjini kwa rangi zao za kijani na nyeupe, na kwa fanfare zao za tarumbeta na filimbi. Wanavua viatu wanapoingia mahali pa sala, na Noeli yao ni tarehe 25 Mei. Mwanzilishi wao, Simon Kimbangu, alianza kuhubiri na kuponya huko Nkamba, magharibi mwa nchi, mwaka 1921. Baada ya miezi michache tu Wabelgiji walimkamata. Alikaa gerezani miaka 30 na kufia huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko Kongo nzima kwa ajili ya kumkumbuka.

Waadventista wanakusanyika Jumamosi, siku ya Sabato, wakati wenzao wako sokoni. Mashahidi wa Yehova wanakutana katika Majumba ya Ufalme na wanajulikana kwa kupita mlango kwa mlango.

Halafu kuna makanisa ya uamsho. Haya yalianza kuongezeka kwa kasi katika miaka ya 1990, serikali ya Mobutu ilipolegeza mkono na uchumi ulipoanguka. Tangu mwaka 2001 yanaweza kuomba kutambuliwa chini ya sheria ya mashirika yasiyo ya faida. Mengine yana majengo makubwa na vyombo vya kisasa. Mengine yana viti vya plastiki 30, spika moja na mchungaji ambaye katikati ya juma anafanya biashara kama waamini wake.

Wanaoyakosoa husema yamegeuka njia ya kutafuta pesa. Wanaoyapenda hujibu kwamba huko mchungaji anamjua kila mtu kwa jina, anasali na asiye na kazi, na mkesha wa maombi unampa mama aliyechoka nafasi ya kulia bila kuona haya. Pande zote mbili zina sababu zao, na ndiyo maana makanisa hayo hayapungui.

Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi

Tofauti zinazoonekana Jumapili hupungua Jumatatu, watoto wanapoenda shule. Mwaka 1974 serikali ya Zaire ilizichukua shule za makanisa, lakini haikuweza kuziendesha. Tarehe 26 Februari 1977 ilitia saini mkataba wa kuzirudisha mikononi mwa makanisa, huku zikibaki shule za taifa. Hadi leo sehemu kubwa ya shule za Bukavu zinaendeshwa na Wakatoliki, Waprotestanti au Wakimbangu. Mtoto wa Mpentekoste husoma kwa masista, na mtoto wa Mkatoliki husoma katika shule ya CEPAC, kwa sababu mzazi anaangalia kwanza umbali, ada na matokeo ya mtihani wa taifa.

Katika elimu ya juu ni hivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, UCB, kilianza mwaka 1989, na Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika, UEA, kilifuata mwaka 1991.

Upande wa afya, mfano unaojulikana duniani ni hospitali ya Panzi, kusini mwa mji, inayofanya kazi chini ya CEPAC. Ilianzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste na yeye mwenyewe mchungaji. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi yake ya kuwatibu wanawake waliobakwa wakati wa vita. Mwanamke anayefikishwa Panzi haulizwi alibatizwa katika kanisa gani.

Mivutano ambayo haifichiki

Hii haina maana kwamba kila kitu ni amani. Ndoa ndiyo mahali ambapo tofauti za makanisa hujitokeza kwanza. Kwa Bashi, wenyeji wa milima inayozunguka mji, ni vigumu kufikiria mazungumzo ya mahari bila kasiksi, pombe ya ndizi. Kwa Wapentekoste, mwamini anayekunywa pombe anaweza kutengwa na kanisa. Familia nyingi zimepata njia ya katikati: wazee wa upande mmoja wanapewa kasiksi pembeni, wengine wanapewa soda, na mchungaji anaombwa kuondoka mapema kidogo.

Suala la makelele ni gumu zaidi. Mkesha wenye spika katikati ya nyumba zinazogusana unawanyima usingizi wagonjwa, watoto wachanga na wanafunzi. Katiba, katika kifungu cha 22, inampa kila mtu uhuru wa dini, lakini uhuru huo hutumiwa kwa kuheshimu sheria, usalama wa raia na haki za wengine. Jirani anayelalamika mara nyingi huogopa kuitwa adui wa Mungu.

Lililo zito kuliko yote ni shutuma za uchawi. Vijijini Kivu Kusini, katika wilaya kama Kabare na Kalehe, kuna wanaojiita manabii, wanaojulikana kwa jina la bajakazi, wanaodai kwamba wanamtambua mchawi kwa maombi. Mwaka 2021 wanawake kadhaa, wengi wao wazee, waliuawa na makundi ya watu baada ya kutajwa hivyo. Kwa watoto, Katiba iko wazi: kifungu cha 41 kinakataza kumshutumu mtoto uchawi. Lakini sheria iliyoandikwa Kinshasa haifiki kijijini peke yake. Inafika pale padri, mchungaji na mkuu wa kijiji wanapoisema kwa pamoja. Mmoja wao akinyamaza, nabii anapata nafasi.

Damu ya Oktoba 1996

Historia ya vita imewafundisha Wakristo wa Bukavu kwamba risasi haichagui dhehebu. Tarehe 6 Oktoba 1996 washambuliaji waliingia katika hospitali ya Lemera, iliyojengwa na misheni ya Waswidi, wakaua wagonjwa na wauguzi. Mukwege ndiye aliyekuwa mganga mkuu wa hospitali hiyo. Tarehe 29 ya mwezi huo huo, Baba Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliuawa Nyawera, katikati ya Bukavu, wakati mji ulipokuwa unaangukia mikononi mwa AFDL na majeshi ya Rwanda. Alikuwa ameomba wazi wazi kwamba raia na wakimbizi walindwe.

Mrithi wake, Emmanuel Kataliko, aliandika ujumbe wa Noeli ya 1999 akilaumu uporaji na uvamizi. Februari 2000 waasi wa RCD walimzuia kurudi Bukavu na kumpeleka Butembo. Alirudi Septemba, akafa Roma tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo.

Zaidi ya miaka 20 baadaye, jambo lile lile limejirudia kwa sura nyingine. Jumapili, tarehe 16 Februari 2025, wapiganaji wa AFC/M23 waliingia katikati ya Bukavu. Mwezi mmoja kabla yake, maaskofu Wakatoliki wa CENCO na viongozi wa ECC walikuwa wamezindua pamoja mpango wa mapatano kwa ajili ya amani na kuishi vizuri pamoja katika Kongo na Maziwa Makuu. Wajumbe wao walionana na serikali, wapinzani na viongozi wa waasi wenyewe. Wapo waliowalaumu kwa kuzungumza na wenye silaha, na wapo waliowashukuru. Ila hakuna aliyeweza kusema kwamba walikwenda kama Wakatoliki peke yao au Waprotestanti peke yao.

Mtaani Bukavu, umoja huo hauanzi na hati za viongozi. Mtu akifa, turubai inafungwa mbele ya nyumba na majirani wanakuja kwenye kilio. Shirika la Wakatoliki linaleta makaa na unga, kwaya ya CELPA inaimba usiku, na mchungaji wa kanisa la uamsho anaomba asubuhi kabla padri hajafika. Waliozoea kukaa hivyo chini ya turubai moja wana mahali pa kuanzia, siku watakapotakiwa kukataa pamoja mauaji ya mzee aliyeitwa mchawi, au kumwambia mwenye bunduki kwamba raia si mali yake.