Kubana na kuhifadhi mafaili: tuchague programu ipi ya bure?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, hebu tuyatazame mabano hayo tuliyotoka kuyaandika. Herufi tatu zimesimama mahali pa dua nzima, na kila anayesoma jarida hili akifika pale huitamka kwa ukamilifu wake. (Wapo masheikh wasioupenda ufupisho huu, nao wana hoja yao.) Programu za kubana mafaili hufanya kazi iyo hiyo. Hutafuta yale yanayojirudia ndani ya faili, huweka alama fupi mahali pake, na faili likifunguliwa kila kitu hurudi kama kilivyokuwa, bila kupungua hata nukta. Njia hii ilielezwa na Jacob Ziv na Abraham Lempel mwaka 1977, na programu nyingi za leo zimejengwa juu yake.

Kutokana na hayo tutafahamu kwa nini vijana wetu hulalamika kwamba wamezibana darsa walizorekodi na ukubwa haukupungua. Sauti ya MP3 imekwisha kubanwa tangu ilipotengenezwa, na picha za JPEG ni hivyo hivyo. Hakuna tena cha kufupisha. Maandishi matupu ndiyo yanayopungua sana. Hata hivyo kuziweka sura zote 114 za msomaji mmoja katika furushi moja kuna faida, kwani faili moja hubebeka na kuhesabika kwa wepesi kuliko mafaili 114 yaliyotawanyika. Lakini jihadharini na yule anayewaambia kwamba atazipunguza MP3 hizo ziwe ndogo zaidi. Huyo hazibani, bali anatupa sehemu ya sauti, na iliyotupwa hairudi.

Sasa tuje kwenye neno "bure", maana hapa ndipo wengi wetu tunapochanganyikiwa. Programu ya WinRAR imeenea kwenye kompyuta nyingi, na watu huichukulia kuwa ni ya bure. Si ya bure. Mwenyewe ameitoa kwa majaribio ya siku 40, kisha anayetaka kuendelea kuitumia hutakiwa anunue leseni. Siku hizo zikipita programu haijifungi. Huleta kijidirisha cha kukumbusha tu, nasi tunakifunga na kuendelea. Mlango usiotiwa komeo si ruhusa ya kuingia. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inawaamrisha walioamini kutimiza mikataba yao, na masharti yale tunayoyakubali kwa kubonyeza wakati wa kuiweka programu ni mkataba. Jopo la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, lilipitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia. Ikiwa ni hivyo kwa kitabu, hatuoni vipi iwe vinginevyo kwa programu. Wallahu aalam. Ama zile namba za siri za kuvunjia leseni zinazopitishwa kwenye flashi, hizo hazihitaji mjadala. Na mara nyingi huja na virusi ndani yake.

Alhamdulillahi, haramu hii haina dharura. Ipo 7-Zip, iliyoanzishwa na Mrusi Igor Pavlov mwaka 1999. Leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia bila malipo, nyumbani, skuli au ofisini, na kumnakilia mwenziwe vilevile. Faili lake la kuwekea halifiki hata megabaiti 2, kwa hiyo halimalizi bando la mtu. Inafungua ZIP, RAR na aina nyingine nyingi, na inatengeneza ZIP na aina yake yenyewe ya 7z, ambayo kwa kawaida hubana zaidi kuliko ZIP. Kutengeneza RAR haiwezi, na hatuoni hasara. Sura yake ni ya kizamani kidogo. Anayependa madirisha mazuri zaidi atazame PeaZip ya Giorgio Tani, iliyotoka mwaka 2006, ambayo nayo ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows na Linux.

Na wengine hawahitaji kuweka chochote. Windows inafungua na kutengeneza ZIP yenyewe tangu XP ya mwaka 2001, na Windows 11 ilianza kufungua RAR na 7z mwaka 2023. Mzazi anayeletewa faili la ZIP mara chache atahitaji zaidi ya hapo.

Anayeiweka 7-Zip aandike mwenyewe anuani 7-zip.org. Asiandike jina tu halafu akabonyeza kitufe kikubwa cha kwanza anachokiona, maana zipo tovuti za kuigiza ambazo hukupa programu pamoja na balaa lake. Jambo jingine ambalo husahauliwa ni kuleta toleo jipya. Mwaka 2019 wataalamu wa Check Point walionyesha tundu la usalama ndani ya WinRAR lililokuwa na umri wa karibu miaka 19, na matundu mengine yalizibwa mwaka 2023 na 2025. Nayo 7-Zip si maasumu: tundu lake moja lilizibwa katika toleo la 24.09 la Novemba 2024. Haijiletei toleo jipya yenyewe, hivyo anayeitumia hana budi kuitazama kila baada ya miezi michache. Na furushi lililotumwa na mtu usiyemjua lisifunguliwe kabisa.

Kwa upande wa kuhifadhi, madrasa zina tatizo lao ambalo wengine hawalijui. Mafaili yenye majina ya Kiarabu yakiwekwa katika ZIP na programu za zamani hufunguka yakiwa na majina ya vikorokoro visivyosomeka. Sababu ni kwamba aina ya ZIP ilitoka mwaka 1989 ikiwa na herufi za Kizungu tu, na utaratibu wa kutia herufi za lugha zote uliongezwa mwaka 2006. Kwa hiyo majina ya Kiarabu tuyafunge kwa 7z, au tuyaandike kwa herufi za Kilatini: 002-albaqara, na kadhalika.

Alama za mitihani na khabari za familia za wanafunzi ni amana, na furushi lake litiwe neno la siri. Ndani ya 7-Zip chagueni AES-256, kwani ule usiri wa zamani wa ZIP ni dhaifu. Katika 7z mnaweza kuficha hata majina ya mafaili. Katika ZIP majina hubaki wazi, na jina la faili pekee linaweza kufichua mengi. Neno la siri lisitumwe pamoja na furushi lenyewe. Mpigieni simu mhusika mumtajie. Likisahauliwa hakuna fundi wa kulifungua, kwa hiyo liandikwe kwenye daftari la mwalimu mkuu.

Furushi likishafungwa, kabla ya kuyafuta mafaili ya asili, bonyezeni pale penye kujaribu, programu ilipitie lote na kusema kama liko salama. Kisha litolewe nakala mbili, moja ikae madrasani na nyingine nyumba nyingine kabisa. Kurekodi darsa za wazee wetu ni kazi ya miaka, na flashi moja huzama kwenye ndoo ya maji kwa dakika.