Bustani ya Uhuru ya Nairobi na Ukarabati Wake

Mwaka 2021 Bustani ya Uhuru, katikati ya jiji la Nairobi nchini Kenya, ilifungwa ili ikarabatiwe. Kazi ilisimamiwa na chombo cha huduma za jiji kilichoongozwa na Meja Jenerali Mohamed Badi, yaani askari aliyekabidhiwa shughuli za kiraia.

Bustani hiyo si ya maua tu. Tangu Mzee Jomo Kenyatta aifungue mwaka 1969, wafanyakazi wasio na fedha za hotelini wamekuwa wakipumzika humo adhuhuri. Mwaka 1989 wakubwa walikusudia kujenga humo jumba la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai akapinga, na hatimaye mpango ukaachwa. Mwaka 1992 polisi waliwatawanya kwa nguvu akina mama waliodai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Mwaka 2010 Katiba mpya ikatangazwa papo hapo.

Kwa hiyo askari aliyewekwa kulinda lango la ujenzi alilinda mali ya yule yule aliyemzuia kuingia. Njia na taa mpya ni jambo jema. Lakini wapiga picha na wenye mashua za bwawani, waliojipatia riziki humo, walibaki nje ya uzio.