Zimwi Lililojua Kiswahili

Zimwi likujualo, walinena wahenga, halikuli likakwisha. Ni methali ambayo takriban kila mwanafunzi amepata kuitia katika insha yake, na aghalabu huitia bila kuliwazia zimwi lenyewe hata kidogo. Mimi nimelazimika kuliwazia, kwa maana majuzi niliketi mbele ya runinga kukitazama upya kipindi kilichofungua msimu wa kwanza wa Star Trek, na humo nikakutana na zimwi linalosema Kiswahili.

Kipindi chenyewe, The Man Trap, kiliandikwa na George Clayton Johnson na kuonyeshwa na shirika la NBC la Marekani usiku wa tarehe 8 Septemba, 1966. Hakikuwa cha kwanza kupigwa picha. Kilikuwapo kingine, kilichotengenezwa mahususi ili kuwashawishi wakuu wa shirika hilo waukubali mfululizo huu, ila hicho kilisubirishwa hadi juma la tatu, na hiki chenye dubwana kikapewa heshima ya kufungua pazia. Wapo mashabiki ambao hawajausamehe uamuzi huo hadi leo. Husema kwamba hadithi ya dubwana ni mlango mwembamba mno wa kuingilia jumba kubwa kama lile. Mimi si mmoja wao.

Chombo Enterprise chafika katika sayari M-113 ili daktari wake, McCoy, ampime afya Profesa Crater na mkewe Nancy, ambao wameishi huko peke yao wakichunguza magofu ya kale. Wanaume watatu wanamtazama mwanamke mmoja, na kila mmoja anamwona wake. McCoy, aliyempenda Nancy zamani, anamwona yuleyule wa ujanani. Nahodha Kirk anamwona mama mwenye mvi. Kijana waliyefuatana naye anamwona msichana aliyewahi kukutana naye katika sayari ya anasa. Kumbe Nancy halisi alikwisha kufa. Aliyesimama mbele yao ni kiumbe kisomacho mawazo, kinachojivika sura umtakayo, kisha kikakunyonya chumvi yote iliyomo mwilini. Maiti zake huachwa na madoa mekundu usoni.

Msomaji aliyepata kuketi karibu na jiko la bibi yake ataguna hapa, kwani hadithi hii anaijua. Ni ya binti aliyewakataa wachumba wote wa kijijini, hata likaja zimwi ngomani limejigeuza barobaro wa kupendeza, naye akalikubali papo hapo. Johnson hakuhitaji kuja kuiokota kwetu. Hofu kwamba umpendaye si yeye, bali ni kitu kingine kilichovaa uso wake, ni mali ya wanadamu wote.

Lakini tazama mahali zimwi hili linapomwendea Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano. Mapema katika kipindi tumemwona mtamboni akimlalamikia Spock kwamba amechoshwa na neno “masafa”, akijaribu kumvuta wazungumze japo juu ya mwezi mpevu wa sayari yake, naye Spock akamjibu kwa ukavu kwamba sayari yake haina mwezi. Ni mwanamke mpweke, na upweke wake haumhusu yeyote chomboni. Ndipo anapotokea ujiani kijana mweusi, mtanashati, asiyemjua. Kijana anamwambia kwamba alikuwa akimfikiria mtu kama yeye. Kisha anamsemesha kwa Kiswahili.

Nakiri nilirudisha picha nyuma mara tatu ili niyashike maneno yao. Matamshi si ya Lamu wala ya Tanga. Waigizaji walikuwa Wamarekani, na mwalimu mkali angeijaza karatasi yao wino mwekundu. Hata hivyo moyo ulinipiga. Uso wa Uhura unalegea, macho yanang'aa, na yule aliyejibiwa kwa ukavu na Spock anajibiwa sasa kwa lugha ya mama yake. Hapo ndipo anapokaribia kufa. Lau asingeitwa kazini na wenzake wakatokea, angekuwa maiti mwenye madoa.

Hebu tuukumbuke mwaka. Mnamo 1966 Kenya ilikuwa haijatimiza miaka mitatu ya uhuru, na Bungeni Nairobi lugha ilikuwa Kiingereza. Mzee Kenyatta alikuja kuwafungulia wabunge mlango wa Kiswahili mwaka 1974. Kwa hiyo afisa wa chombo cha kubuni alikisema Kiswahili mbele ya mamilioni ya Wamarekani miaka minane kabla ya mheshimiwa wetu kuruhusiwa kukitumia Bungeni. Na jina lake je? Nichelle Nichols, mwigizaji aliyeaga dunia mwaka 2022, alieleza kwamba siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotoka 1962, na kwamba mwasisi wa mfululizo, Gene Roddenberry, alilipenda neno hilo akalilainisha likawa Uhura. Ruark, kwa wasiomjua, aliitazama Kenya kwa jicho la walowezi. Sidhani alitarajia kwamba neno la kitabu chake lingeishia kwenye kifua cha afisa mweusi wa karne ya 23.

Furaha yangu, hata hivyo, ina mwiba, na mwiba huo nauleta kwenu walimu. Kiswahili katika kipindi hiki ni lugha ya moyo tu. Mwaka uliofuata, katika kipindi The Changeling, mtambo wamfuta Uhura elimu yake yote akalazimika kufundishwa upya kusoma Kiingereza; anapokwama na kukasirika, Kiswahili ndicho kinachomtoka. Mapenzi na hasira, basi. Mtamboni, penye mawimbi na masafa, hakisikiki. Siwalaumu waandishi wa Hollywood, kwa sababu sisi wenyewe tumekipangia Kiswahili chumba kile kile. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 kilitahiniwa kwa lazima, lakini mwalimu wa fizikia aliyekitamka darasani alionekana amepotea njia. Na si kwamba maneno hayapo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Wala si kwamba waandishi wetu hawawezi kuruka. Katika Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa mwaka 1995, Dzombo aliyehukumiwa kifo anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani, na sarufi ya Kiswahili inamfikisha salama. Ni wangapi kati ya wanafunzi wetu wameambiwa kwamba hiyo pia ni bunilizi ya kisayansi?

Nirudi kwa zimwi, maana mwisho wake haukunipa raha. Profesa Crater alijua tangu mwanzo kwamba mkewe aliuawa nalo, akalificha, akalilisha chumvi, kwa sababu lilikuwa la mwisho wa jamii yake, kama nyati wa Marekani walivyokaribia kuwa. McCoy analipiga risasi ya mwanga likiwa bado na uso wa mpenzi wake, likimsihi. Sisi ambao tulisoma habari za Sudan, faru mweupe dume wa mwisho wa aina ya kaskazini, aliyekufa Ol Pejeta, Laikipia, Machi 2018, hatuwezi kuitazama picha ile kama walivyoitazama watu wa 1966. Kirk mwenyewe, ameketi kitini pake mambo yamekwisha, anasema anawafikiria nyati.

Mimi nilikuwa bado pale ujiani. Nilitamani Uhura amwulize yule kijana kile ambacho Mswahili yeyote angeuliza kabla ya kulegea: wewe ni wa wapi, na ni mtoto wa nani? Ingawa, kwa zimwi lisomalo mawazo, nadhani jibu lingekuwa tayari: wa kwenu.