Kudumu Bila Kuhisi Kitu: Mama Teresa na Giza la Imani



Ndugu wanakamati na wafadhili wetu, katika ziara za maparokiani tumezoea kuulizwa habari za visima, mashine za kusaga na mikopo ya vikundi. Robo mwaka iliyopita mhazini wa kamati moja alitusindikiza hadi kwenye gari, akangoja dereva aingie, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba anataka kujiuzulu. Tulidhani kuna tatizo la hesabu. La hasha, vitabu vyake vilikuwa safi kabisa. Tatizo, alisema, ni kwamba yapata miaka miwili sasa akipiga magoti kusali hapati kitu. Ni kama anaongea na ukuta. Anaona ni unafiki kusimama mbele ya waamini kuhimiza zaka na michango wakati ndani mwake pamekauka.

Tulimwomba asiandike barua kwanza. Kwa ruhusa yake tunaandika makala hii, maana tunajua hayuko peke yake. Wapo makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wenye hali hiyo, na hata baadhi ya wafadhili wetu wametuambia kwamba wanaendelea kutoa ingawa Misa ya Jumapili haiwagusi tena kama zamani.

Tuanze na mtu ambaye picha yake imebandikwa katika ofisi nyingi za parokia. Mama Teresa wa Calcutta alizaliwa Skopje mwaka 1910, akajiunga na Masista wa Loreto mwaka 1928, na kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa wasichana huko Calcutta. Tarehe 10 Septemba 1946, akiwa ndani ya treni kwenda mafungo huko Darjeeling, alisikia wito wa kuacha shule na kuwahudumia maskini kabisa. Katika kipindi kile sala ilikuwa tamu. Alijiona yuko karibu sana na Yesu. Ilimbidi asubiri ruhusa za Kanisa, na mwaka 1948 akatoka akiwa amevaa sari nyeupe yenye mistari ya buluu.

Hapo ndipo utamu ulipokoma. Tangu mwanzo kabisa wa kazi ile aliyoambiwa aifanye, akaingia katika giza. Alisali na hakuhisi kitu. Aliona kana kwamba Mungu hamtaki, na nyakati nyingine alijiuliza kama yupo. Hali hiyo ilidumu kwa karibu miaka 50, hadi kifo chake tarehe 5 Septemba 1997. Katikati kulikuwa na nafuu moja inayojulikana vizuri: Oktoba 1958, katika Misa ya kumwombea marehemu Papa Pius wa XII, aliomba ishara kwamba Mungu anapendezwa na shirika lake, na giza likatoweka. Baada ya wiki chache likarudi.

Masista wake hawakujua. Waliojua ni maaskofu na mapadri wachache aliowaandikia, na aliwaomba barua hizo ziharibiwe. Hawakuziharibu, na mwaka 2007 zikatolewa katika kitabu kilichohaririwa na Padri Brian Kolodiejchuk. Habari ilitapakaa duniani, na wapo waliosema kwamba kumbe yule mama hakuwa na imani, alikuwa akiigiza tu. (Wapo pia wanaokosoa huduma ya tiba katika nyumba zake. Hoja hizo zinastahili kujadiliwa, ila leo siyo mada yetu.)

Sisi tunawaomba wasomaji waangalie tarehe. Shirika lake liliidhinishwa tarehe 7 Oktoba 1950. Nyumba ya watu wanaokaribia kufa huko Kalighat ilifunguliwa mwaka 1952. Masista wake walifika Tabora, hapa kwetu Tanzania, mwaka 1968. Nishani ya Nobeli ya Amani aliipata mwaka 1979. Alipofariki, shirika lilikuwa na masista karibu 4,000 katika nchi 123. Hayo yote yalitokea ndani ya giza. Mwigizaji huigiza palipo na watazamaji, lakini mama huyu aliamka alfajiri kwa sala na Misa kila siku, kwa nusu karne, bila kupata hata faraja ya moyoni. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo imani yenyewe ikiwa imevuliwa mapambo.

Aliwezaje? Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba alikuwa na mtu wa kumweleza. Mwaka 1961 alikutana na Padri Joseph Neuner, Mjesuiti aliyekuwa akifundisha teolojia nchini India, akamwandikia hali yake. Padri huyo hakumwambia asali zaidi, wala hakumtafutia dhambi iliyofichika. Alimweleza kwamba hali hiyo haina dawa ya kibinadamu, hivyo asijilaumu. Kwamba kumhisi Mungu siyo uthibitisho pekee wa uwepo wake, na ile kiu yake yenyewe ni dalili kwamba Mungu yupo naye. Na kwamba giza hilo ni sehemu ya kazi yake, kwa kuwa aliitwa kuwahudumia watu wanaojiona wametupwa. Giza halikuondoka. Lakini baada ya hapo aliweza kuandika kwamba ameanza kulipenda.

Ikumbukwe kuwa Kanisa lilikuwa limeshajifunza jambo hili zamani. Mtakatifu Yohane wa Msalaba, Mhispania aliyefungwa gerezani na watawa wenzake huko Toledo mwaka 1577 na 1578, alieleza namna ya kutofautisha usiku wa roho na uvuguvugu wa kawaida. Mtu vuguvugu hajali: sala imekuwa kavu naye amepata pa kujifariji pengine, kwenye biashara, siasa au kilabuni. Aliye katika usiku hapati ladha kwa Mungu, wala hapati ladha kwingineko. Tena anahangaika, akiogopa kwamba anarudi nyuma. Hangaiko hilo ndilo dalili njema. Mhazini wetu, aliyekosa usingizi kwa kuogopa unafiki, hana uvuguvugu.

Hata hivyo, kila ukavu usiitwe usiku wa roho. Yohane mwenyewe alitahadharisha kwamba maradhi ya huzuni yanaweza kuchanganyika humo. Mtu asiyelala, asiyekula, anayekonda, na hasa anayezungumzia kufa, apelekwe hospitali haraka. Sonona ni ugonjwa kama malaria, na kumwambia afunge na kukesha ni kumwongezea mzigo. Pengine sababu ni ugomvi usiopatanishwa au dhambi inayojulikana vizuri na mwenye nayo, na hapo kitubio kipo. Na pengine ni uchovu mtupu. Nabii Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Safari ilifuata baadaye.

Katika kamati zetu, mtu yule yule huhesabu sadaka, huongoza mazishi, hufuatilia fundi wa bomba, na hakuna anayemuuliza anaendeleaje. Tunapendekeza mwenyekiti amuulize, faraghani, siyo mbele ya kikao. Aidha, anayetaka kuacha wajibu wake wakati wa ukavu akumbushwe ushauri wa Mtakatifu Inyasi wa Loyola: wakati wa ukiwa wa moyo usibadili uamuzi uliofanya ulipokuwa na mwanga. Ngoja kupambazuke, au angalau ngoja umwone mtu wa kukusikiliza.

Hapa tuseme neno kwa wafadhili. Mmoja wenu alituuliza, kwa haki kabisa, kwa nini bajeti ina kifungu cha mafungo ya siku tatu kwa wanakamati, wakati fedha hizo zingenunua mabati. Ni kweli zingenunua. Tumekipunguza kifungu hicho, na wanakamati sasa wanakuja na mchele na maharage yao wenyewe, lakini hatukukifuta. Tumeona mradi mzuri wa kisima ukifa, pampu ikiwa bado mpya, kwa sababu waliouongoza walichoka moyoni, wakaacha mmoja mmoja, na hakuna aliyejua sababu.

Hadi tunakwenda mitamboni, barua ya kujiuzulu ya mhazini wetu haijafika. Kilichofika ni vitabu vya hesabu vya robo hii, vimefungwa vizuri na risiti zote, pamoja na kikaratasi: sala bado ni kavu, na anaomba jina la padri ambaye siyo wa parokia yake. Tumempelekea.